Mkato Uliomwandikia Shangazi Yangu Towa

Shangazi yangu alinipigia simu saa nne asubuhi kunijulisha kwamba nimemwandikia towa. Hakusema viongozi wamemwandikia, hakusema wale watu waliopita na kopo la rangi. Alisema mimi.

"Tantine, si mimi," nikamwambia.

"Walisema kompyuta yenu ndiyo ilisema. Na mu kompyuta yenu nani iko ndani, si we?"

Hapo alikuwa amenipata.

Kwa asiyejua mambo ya huku: nyumba ikionekana imekaa mahali pa hatari, kwenye mteremko mkali au kwenye njia ya maji, huandikwa ukutani TOWA kwa rangi nyekundu. Maana yake watu watoke, vyombo vitoke, na nyumba yenyewe iondoke kabla ya mvua. Ni neno la Kiswahili, toa hiyo hiyo, limeandikwa kama tunavyolitamka watu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, kwenye kuta za watu ambao wengi wao nyumbani husema Kinyarwanda. Hakuna aliyewahi kuhitaji kutafsiriwa.

Shangazi ni dada mdogo wa baba yangu. Anakaa Kanama, kando ya korongo linaloshuka kutoka mashamba ya viazi mpaka barabara kuu. Pale barabarani maji hupita chini kwa chini katika kalavati la zege, lile ambalo sisi tuliosoma Kifaransa tunaliita buzi. Nyumba yake iko upande wa juu wa barabara, mahali ambapo maji yatasimama na kurudi nyuma siku kalavati likizidiwa. Amehama mara nne maishani mwake: mara mbili kwa bunduki, mara moja kwa moto wa mlima wa volkano, na mara ya nne kwa hiari yake, alipovuka mpaka kurudi huku na kujenga nyumba ya mawe meusi. Siku ya kuingia aligonga ukuta kwa ngumi mbele ya ukoo mzima na kusema kwamba hii ndiyo ya mwisho, atakayemhamisha tena atamhamisha amelala. Sote tulicheka, mimi nikiwa mmojawapo.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia kwenye simu. Nilijua. Mahesabu ya lile korongo niliyafanya mimi pamoja na mwenzangu wa ofisini, na nilipoona kwenye kompyuta maji ya samawati yanakizunguka kisanduku cha kijivu cha nyumba namba kumi na saba, nilijua kumi na saba ni jiko la nani na kitanda cha nani. Nilitia sahihi. Hata nilijisifu moyoni kwamba sikupendelea ndugu. Kisha nikajiahidi kwamba Jumapili nitapanda Kanama kumwambia taratibu, na Jumapili ile nikafua nguo, na iliyofuata nikaumwa kichwa. Wenye rangi wakanitangulia.

Ofisi yetu iko Gisenyi mjini, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, na kazi yetu kubwa ni mifereji na madaraja madogo. Mwenzangu ni mhandisi aliyekulia na kusoma Uganda. Mimi nilizaliwa na kusoma Goma. Yeye akihesabu kimoyomoyo huhesabu kwa Kiingereza, mimi kwa Kifaransa, na mpaka leo nikijumlisha saba na nane namsikia mwalimu wangu akigonga meza. Kinyarwanda tunacho wote wawili, ndicho cha salamu na cha chai. Tukigombana lakini tunagombana kwa Kiswahili, kwa sababu si lugha ya mama ya yeyote kati yetu, na maneno makali hayaumi sana.

Programu tunayoitumia kuigiza mafuriko ndiye kiumbe ninayemvumilia kuliko wote hapa duniani. Kila asubuhi inataka isasishwe kwanza. Ikishasasishwa inasahau leseni. Ikiikumbuka leseni inasahau printa. Lakini ukiipa ramani ya korongo, vipimo vya kalavati na mvua unayoiogopa, ukabofya, inakuchorea maji yakipanda dakika kwa dakika, yametulia, yana rangi nzuri, na wageni wote wanaopita ofisini hukodoa macho kama wanaangalia mechi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haioni haya. Ukiipa upuuzi itauchora upuuzi kwa rangi zile zile nzuri.

Jumapili baada ya simu hiyo nilipanda Kanama shingo upande. Towa ilikuwa imeandikwa kando ya dirisha la mbele, herufi kubwa kama sahani. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni, ila mlango haukuwepo. Mkwe wake alikwisha kuja kuing'oa milango yote miwili na kuisimamisha ukutani tayari kwa kupakiwa, kwa sababu mtu akihamishwa huanza na milango na mabati, hivyo ndivyo watu wanavyofanya. Binti yake mkubwa alikuwa amemtafutia chumba mjini. Niliingia ndani ya nyumba iliyokuwa wazi na upepo unapita, nikaketi kwenye kigoda.

"Maji haijafikaka hapa," alisema. "Miaka yote."

Nikamweleza kwamba kila mtu anayeandikiwa towa husema hivyo hivyo. Nikamweleza kuhusu mvua kubwa ambayo haiji kila mwaka. Nikamweleza kwamba kalavati ni dogo, na hapo ndipo alipogeuka kuniangalia.

"Buzi ile iko kidogo? Mi nilipitaka mule ndani nikifuata mbuzi. Nimesimama. Bila kuinama hata."

"Umesimama?"

"Nimesimama, na kitambaa ku kichwa."

Shangazi si mrefu, lakini si mtu wa mita moja. Na mita moja ndicho kimo cha kalavati nilichokuwa nakikumbuka kwenye ripoti. Niliaga mapema, nikasahau hata kunywa chai yake, jambo ambalo kwetu ni tusi.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kufika ofisini. Programu ikaomba kusasishwa. Nikaisubiri huku nakunywa chai na kuilaani. Ilipofunguka nikaenda moja kwa moja kwenye jedwali la makalavati, na pale kwenye kimo palikuwa pameandikwa 1. Si moja na kitu. Moja, imenyooka kama msumari. Nikafungua daftari langu la kazi za nje, na pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na 1,80.

Nadhani wasomaji waliosoma upande mmoja tu wa mpaka hawatanielewa, kwa hiyo nivumiliwe. Sisi wa shule ya Kifaransa mita moja na sentimita themanini tunaiandika kwa mkato: 1,80. Wa shule ya Kiingereza wanaiandika kwa nukta: 1.80. Kompyuta ya ofisi imewekwa Kiingereza. Nilipoiingiza namba yangu ilisoma moja, ikafika kwenye mkato, ikaona kitu isichokijua, ikaacha hapo hapo. Haikupiga kelele. Haikuuliza. Upana wa kalavati ulikuwa mita mbili kamili, hauna mkato, ukapita salama. Vipimo vya mikondo aliviingiza mwenzangu kwa nukta zake, vikapita salama. Ni kimo peke yake kilichokatwa karibu nusu, na kwa kimo hicho tukajaza maji nyumbani kwa shangazi yangu.

Mwenzangu alipoingia nilimkaribisha kwa Kiswahili, kwa hiyo akajua siku imeharibika.

"Mashini yako imekula sentimita themanini," nikamwambia.

Akaangalia kioo, akaangalia daftari. "Madame, ni nani anaandika mkato katikati ya namba?"

"Nusu ya dunia inaandika."

"Hii nusu yenye tunafanyia kazi inaandika nukta."

"Ungekagua. Wewe ndiye mkaguzi."

"Nilikagua. Moja ni namba nzuri. Kalavati za mita moja ziko nyingi. Kama ungeandika kitu cha ajabu ningekiona."

Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba alikuwa sahihi. Ingeruka mkato ikasoma mia moja na themanini, tungeiona na kucheka. Moja ilijikalia pale kwa adabu zake zote. Miaka yote hii katika ofisi moja hatujawahi kukaa chini na kukubaliana namba zinaandikwaje, kwa sababu kila mmoja wetu anaona anaandika kawaida na mwenzake ndiye mwenye vituko.

Nikaandika 1.80 kwa nukta, nikabofya, nikasimama nyuma ya kiti kwa kuwa sikuweza kuketi. Maji yakapanda korongoni, yakaingia kalavati, yakapita. Upande wa juu yalivimba kidogo, yakashuka. Kisanduku namba kumi na saba kilibaki kijivu, kikavu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa mvua.

Nikachukua simu.

"Subiri," mwenzangu alisema. "Hiyo namba ulipima lini?"

Nikamwonyesha kwa kiganja kwamba naongea na simu.

Nilimwambia shangazi kompyuta ilikosea na nyumba yake iko salama. Akaanza kumshukuru Mungu kwa Kinyarwanda, muda mrefu, na katikati ya shukrani nikasikia anamwita mtu arudishe milango. Nilifurahi kupita kiasi. Nilihisi nimeshinda, ingawa aliyekuwa amenishinda ni mimi mwenyewe. Nilipokata simu mwenzangu alikuwa bado amesimama pale pale na swali lake.

"Ulipima lini, madame?"

Hapo nikawa mkali. Nikamuuliza kama ana shaka na daftari langu. Akasema daftari lina tarehe, kalavati lina mvua za miaka. Nikamwambia zege halipungui kimo. Akasema bon, yaani haya basi, neno langu hilo, analitumia akitaka kuniudhi, kisha akasema hatatia sahihi ripoti mpya mpaka ashuke kwenye korongo na futi ya kupimia.

Nilikasirika siku mbili nzima. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo yeye hakulijua. Ile 1,80 sikuipima. Siku tuliyokwenda kwenye korongo kulikuwa na manyunyu, matope yanateleza, na magoti yangu na miteremko havielewani tena. Yeye alikuwa juu anapima mikondo. Mimi nilisimama kwenye ukingo wa barabara, nikaona mdomo wa kalavati umefunikwa na majani, nikasema nafsini mwangu, kuna mchoro wa ujenzi ofisini. Usiku wa siku ile nikanakili kimo kutoka kwenye mchoro kwa mwandiko mzuri, katikati ya vipimo vya kweli, kana kwamba nilikishika kwa mkono.

Jumatano tulikwenda. Nilivaa viatu vya mpira na sikusema neno njiani. Alitangulia kushuka, akanipa mkono, nikaukataa, nikateleza, nikaupokea. Tulikata majani kwa panga mpaka mdomo wa kalavati ukaonekana.

Ulikuwa umejaa. Udongo mwekundu wa mashamba ya juu, mawe, mashina ya migomba, chupa za plastiki, mabua ya maharage, vyote vimeshikana na kukauka kama sakafu. Juu ya sakafu hiyo ndipo palipobaki pa kupita maji. Alichomeka futi kwenye udongo, akaivuta mpaka kwenye dari ya zege, akasoma bila kunitazama.

"Moja nukta sifuri nne."

Nikamwomba apime tena. Akapima sehemu tatu. Moja nukta sifuri mbili, moja nukta sifuri nne, sentimita tisini na nane. Kwa maneno mengine, mita moja.

Niliketi kwenye jiwe. Sijui kama kuna neno la hali ile. Kompyuta ilisoma vibaya namba ambayo mimi niliandika kwa uongo, na kwa kuharibu kule ikaufikia ukweli wenyewe. Laiti mashini ile ingekuwa mtu ningeizaba kofi, kisha ningeiomba radhi. Nilitaka nimlaumu mwenzangu nikakosa pa kuanzia. Nilitaka nilaumu wenye mashamba ya viazi, na wenye kutupa chupa, na waliochora, na waliojenga. Matope yalikuwa yamenifika kwenye viwiko.

"Shangazi yako anajua kwamba kalavati limejaa?" mwenzangu aliuliza.

Ndipo nilipolisikia upya neno lake. Nilipitaka, alisema. Nilipitaka ni nilikuwa nikipita, zamani, enzi za mbuzi. Mimi nilisikia napita. Kiswahili chetu wenyewe cha Goma, tunachozungumza na huyo shangazi tangu utoto wangu, nikakisikia ninavyotaka.

"Turudi ofisini kwanza," nikasema.

"Nyumba ndiyo ile, madame," akajibu, na kuionyesha kwa futi.

Shangazi alikuwa ametupaka chokaa. Nasema ametupaka kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Ukuta wote wa mbele ulikuwa mweupe, towa haionekani tena, milango imerudi kwenye bawaba zake na imepakwa mafuta. Alitutengea viti nje na kumimina chai ya maziwa, na wakati anamimina alitueleza kwamba kile chumba cha mjini amekwisha kukiachia, kimepewa mtu mwingine jana. Mwenzangu akashika kikombe kwa mikono miwili na kuangalia chini. Niliona hatanisaidia, na hakupaswa kunisaidia.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na mchoro, na manyunyu, na mkato. Sidhani alijali mkato. Alisikiliza huku akifuta mdomo wa birika kwa kitambaa.

"Buzi tunaichimbaka," alisema mwishoni. "Kila mwaka mu umuganda tunaichimba. Mvua mbili, inajaa tena. Ile udongo ya juu haishiki."

"Ningejua hivyo, tantine."

"Ungeuliza."

Mwenzangu akasema taratibu kwamba tunaweza kuomba watu wachimbe mapema, kabla ya mvua, na sisi tuandike kimo cha baada ya kuchimba. Nilifikiri kuhusu kile kisanduku kidogo cha jedwali ambamo kimo kinaandikwa. Kinapokea namba moja tu. Hakina mahali pa kuandika kwamba itategemea mvua ya pili, na nani atakuja na jembe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda wa kazi za pamoja, na nani atatuma udhuru. Shangazi alimwangalia mwenzangu kwa huruma, kama anavyoangaliwa mgeni.

"Andika yenye iko," akamwambia.

Kuku walipita kati ya viti vyetu. Kisha shangazi akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo linanijia hata nikiwa napika.

"Siku ile uliniita mu simu, ulisema niko salama. Ulikuwa umeona nini?"

"Rangi," nikasema.

Akainuka, akanishika mkono kama mtoto, akaniingiza ndani. Alinisimamisha katikati ya chumba chake cha kulala, mahali palipokuwa na kitanda, sanduku la nguo na picha ya mumewe marehemu.

"Bon. Basi leo usiniambie namba. Nionyeshe maji itafika wapi."

Miaka yote ya kazi sijawahi kuombwa hivyo. Tunawapa watu karatasi, tunawapa ramani zenye samawati iliyokoza na samawati iliyopauka. Nilipiga mahesabu kichwani, kutoka usawa wa kizingiti, kwa Kifaransa, na mkato wake. Kisha nikainama na kuweka kiganja changu kwenye ukuta. Kilikuwa bado na matope ya korongoni, na nilipokiondoa kiliacha alama ya kahawia, vidole vyote vitano, juu ya chokaa mpya.

Shangazi aliiangalia ile alama. Akaangalia kitanda. Akapiga magoti taratibu, akanyoosha mkono kutoka kwenye godoro mpaka ukutani, ukiwa umelala sawasawa, na ncha za vidole vyake zikagusa alama ya kiganja changu chini kidogo ya katikati.

"Ni hapa nalalaka," alisema.

Aliniangalia bila hasira yoyote, na heri angekasirika. Kisha akaniomba nimsaidie kuinuka, akaanza kukunja blanketi.

"Kesho ulete voiture," akasema. "Kubwa. Na safari hii uje we mwenyewe."

Nikamwambia nitakuja na gari mapema.